Kasi ya Nini? Nipe Kituo cha Tano

Cuzo wangu wa Texas anatafuta mashine ya kujaza risasi nyumbani. Kwao ni hobi halali. Huku Kenya bila leseni ni kesi, usijaribu. Amebakisha Dillon mbili: RL 550 na XL 750. Kila mtu anamsukumia 750 kwa sababu ya kasi, ati sahani inajizungusha kila ukivuta mpini. Manze, kasi ya nini?

Shida ya hii kazi ni baruti. Kwa 550 sahani unazungusha mwenyewe. Simu ilie usahau, ganda moja linaweza kupata baruti mara mbili, na bunduki ipasuke mkononi. Likikosa baruti kabisa, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikute njia imezibwa.

Sasa, 750 ina vituo vitano, 550 vinne. Kwa hicho cha ziada unaweka kengele ya baruti: ikizidi au ikipungua sana, inalia. Inauzwa kando, na ndiyo watu huruka wakibana bajeti. Nimemwambia, cuzo, kama pesa ya kengele haijafika, ngoja mwezi mwingine. Na hata ikiwepo, mulika taa uchungulie kila ganda.