Mathe Anadhani Nimeingia Giza

Kila nikisema Jumamosi asubuhi naenda kutafakari na Wabudha, swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo si ibada ya shetani?"

Sikasiriki. Nchi hii imetufunza kuogopa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani. Halafu 2023 ikaja Shakahola, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge hadi kufa ndio wamwone Yesu. Baada ya hapo, mathe akisikia umejiunga na kikundi kidogo chenye mwalimu mpole, lazima roho imruke.

Sasa huko tunafanya nini? Tuko kama kumi na wawili hivi, sebuleni kwa mtu. Wengine wanakalia mito, wengine viti, magoti ni magoti. Dakika 30 unafuata pumzi ikiingia na kutoka puani. Akili inatoroka: kodi ya nyumba, deni la Fuliza, yule msee ambaye hajajibu meseji. Ukigundua umepotea, unarudi kwa pumzi. Huko kurudi ndiyo kazi yenyewe. Hakuna anayeona maono. Mguu unakufa ganzi, nje nduthi zinapiga honi, kisha tunakunywa chai.

Kukaa ni rahisi, buda. Ahadi tano ndizo zinauma: usiue, usiibe, usimdhuru mtu kwa mambo ya ngono, usidanganye, usitumie vileo. Hiyo ya tano na Ijumaa ya Nairobi, manze! Ndiyo maana siamini sana zile programu za simu. Zinakuuzia utulivu ulale vizuri, kesho uchape kazi zaidi. Kikundi nacho kitakuuliza mbona unaambia mdosi uko kwa jam na bado uko kitandani.

Kuna wanaosema hii ni dini ya Wahindi na Wachina. Mtafute Bhante Buddharakkhita. Ni Mganda, aliukuta Ubudha akiwa mwanafunzi India, akawa mtawa, na mwaka 2005 akaanzisha Uganda Buddhist Centre huko upande wa Entebbe. Mama yake pia baadaye akawa mtawa. (Wangu hataki hata kusikia hiyo stori.)

Mathe aliniuliza swali moja la maana kuliko yote: "Wanataka pesa ngapi?" Nikamweleza kuhusu kozi za Vipassana za S.N. Goenka: siku kumi bila kuongea, kuamka saa kumi alfajiri, na hulipii chakula wala kitanda. Ukimaliza, unachanga ukitaka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hata samaki hatozwi chambo. Weeh!

Lakini swali lake ni zuri, na ningetaka kila mtu aulize hivyo kwa kila kikundi, hata kanisa lake. Naweza kukosa wiki tatu bila kutafutwa kwa vitisho? Naweza kumbishia mwalimu? Kuna mtu ananiambia nikate familia, niache shule, niache dawa? Kwetu mlango uko wazi na watu wanabishana mpaka chai inapoa.

Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wangu wa kuabudu, ama kutoabudu. Kwa mathe hicho kifungu hakina kazi. Bado naenda naye kanisani Jumapili, na naimba. Yeye anasema siwezi kukalia viti viwili, na lazima nikubali ana pointi: Buddha hakufundisha kuhusu Mungu muumba, na mathe anaongea na huyo Mungu kila asubuhi kabla hajawasha jiko. Sina jibu la kumpa bado.

Wiki jana ameniuliza nani hupika hiyo chai, na kama huwa tunaiombea.