Vituo kumi na kimoja, na nyanya asiyeona

Usiku wa kuamkia safari, baba mmoja wa watoto wawili kutoka Nanyuki aliketi nje ya nyumba ya mama yake huko Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, akihesabu vituo kwenye simu. Vilikuwa kumi na kimoja: Chalbi, kreta ya Gof Choba, msitu wa Marsabit, Ziwa Paradise, soko la mifugo la Merille, mlima Ololokwe, daraja la mto Ewaso Ng'iro, mji wa Isiolo, mashamba ya ngano ya Timau, bango la ikweta na mwisho vilele vya Mlima Kenya. Ilikuwa likizo ya Agosti. Alitaka watoto waione nchi ya kwao yote kwa safari moja, kutoka chumvi ya jangwani hadi baridi ya mlimani.

Mkewe alisoma orodha hiyo, akamrudishia simu. "Baba watoto, kwani sisi tumekuja kumchukua nani?"

Walikuwa wamekuja kumchukua nyanya. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu, na mtu akiingia alingoja asalimiwe ndipo ajue ni nani. Miadi ya upasuaji ilikuwa Jumatatu. Mara mbili alikuwa amekataa kwenda, akisema jicho la mzee likishafunga limefunga, na kwamba hataki kufia kwenye baridi ya watu. Safari hii alikubali kwa sababu wajukuu walikuja wenyewe. Ila alitoa sharti: akisema turudi, wanarudi.

Mama alipiga hesabu kwa vidole. Kalacha hadi Marsabit ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa ya njia ni ya vumbi na mawe. Marsabit hadi Isiolo ni kama 260 za lami, kisha 80 hivi za kupanda hadi Nanyuki. Hiyo ni safari ya siku mbili, walale Marsabit. Tena, kusimama na mzee si dakika tano. Kuna kumshusha, kutafuta fimbo, kumpeleka msalani, kumpa maji na kumpandisha tena. Nusu saa imekwisha. Vituo kumi na kimoja ni saa tano na nusu za kusimama tu.

Wakaanza kupunguza. Ziwa Paradise liliondoka, kwa kuwa liko ndani ya mbuga na linataka siku yake. Vilele vya Mlima Kenya navyo viliondoka, maana alasiri mara nyingi hufunikwa na mawingu. Wangeviona alfajiri wakiwa nyumbani. Orodha ilikuwa inaelekea kwisha msichana wao wa miaka kumi na miwili alipouliza, "Na nyanya ataona nini?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kuanzia hapo kila kituo kilipimwa upya: nyanya atasikia nini hapo, atashika nini, ataonja nini? Vilibaki vinne: Chalbi, Ololokwe, Isiolo na Timau. Ololokwe ulibaki kwa sababu mvulana wa miaka saba aliung'ang'ania, akaahidi kumsimulia nyanya mwenyewe.

Walipanga kuondoka alfajiri, lakini majirani walikuja kuaga, na walipofika katikati ya Chalbi jua lilikuwa limeshapanda. Nyanya alishuka, akagonga ardhi kwa fimbo, akaokota kipande cha chumvi na kukionja.

"Nyanya, kuna ziwa kule!" mvulana akapiga kelele.

"Hakuna," alisema bila kugeuka. "Ni joto linakudanganya. Ukilifuata, nalo litasogea." Akawaeleza jinsi ngamia wanavyoihitaji chumvi ile, na jinsi alivyoivuka sehemu hiyo kwa miguu akiwa msichana. Watoto wenye macho mazima walimsikiliza asiyeona akiwaambia walichokuwa wanakiona.

Siku ya pili mambo yaligeuka. Walipopita Laisamis joto lilikuwa kali, na nyanya, aliyekuwa kimya tangu Marsabit, akasema, "Turudi."

Baba alipunguza mwendo. Sharti lilikuwa sharti. Mama hakubishana, alimpa mama mkwe wake maji tu. Ndipo mvulana akasema, karibu alie, "Lakini nyanya, bado sijakuonyesha mlima wangu."

Kimya kilikaa kidogo. "Haya," nyanya akasema. "Mpaka kwenye mlima wake."

Walipoufikia, alimwomba mvulana amgeuze uso kuuelekea. "Ni kama meza," mtoto alisimulia. "Ni mkubwa kuliko shule yetu mara elfu. Juu ndege inaweza kutua."

"Na baada ya hapa ni wapi?" nyanya akauliza.

"Isiolo, kuna maziwa ya ngamia."

"Basi mpaka Isiolo."

Isiolo alikunywa maziwa na kuzungumza kwa lugha yake na akina mama wauzaji mpaka baba akaanza kutazama saa. Timau, blanketi lilikuwa juu ya mizigo, si chini, kwa sababu mama alijua baridi ingewakuta ghafla. Nyanya alishika suke la ngano, akalifikicha kiganjani, akauliza bei ya gunia. Neno la kurudi halikutajwa tena.

Wazazi wengi hupanga vituo kwa ajili ya picha. Yafaa kuwapangia walio garini, hasa yule mnyonge kuliko wote. Aliyechoka haoni mwisho wa kilomita 340. Kituo kilicho mbele anaweza kukisubiri.

Jumatatu jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji. Lenzi iliyofifia ilitolewa, ikawekwa ya bandia. Bandeji ilipotolewa kesho yake, nyanya alimtazama mkaza mwanawe kwa muda mrefu, akamwambia amekonda. Jicho la pili lilifuata miezi kadhaa baadaye, na likizo ya Desemba wote wakaingia garini kumrudisha Kalacha.

Baada ya Archers Post, nyanya mwenyewe aliomba gari lisimame. Akashuka bila kushikwa mkono, akautazama Ololokwe kutoka chini hadi juu.

"Kumbe ni mdogo," alimwambia mjukuu wake. "Ule ulionisimulia ulikuwa mkubwa zaidi."

Kisha akarudi garini, akauliza kituo kinachofuata ni kipi.