Zima Sauti Kwanza

Hebu tafuta video ya mdahalo wa wagombea wenza wa urais, ule wa Julai 19, 2022. Martha Karua wa Kirinyaga na Rigathi Gachagua wa Mathira, hapa kwetu Nyeri. Watu wawili wa mlima mmoja. Sasa zima sauti, uangalie dakika tano tu.

Hujasikia hata neno moja na tayari una maoni, si ndiyo?

Mimi naona Karua ametulia kama wakili mahakamani, Gachagua naye kama mtu aliyekuja kumenyana. Lakini hapa mjini nimesikia watu wakisoma miili ileile kwa njia tofauti kabisa. Huyu anasema Karua anajiamini, yule anasema anaringa. Gachagua kwa mmoja ni mkali kupita kiasi, kwa mwingine ni "mtu wetu, haogopi". Yaani macho yalienda kwa mdahalo yakiwa yameshapiga kura.

Na si Kenya pekee. Septemba 1960 huko Marekani, Nixon alikutana na Kennedy kwa televisheni. Alikuwa ametoka hospitalini mwezi huohuo juu ya goti, akakataa kupakwa vipodozi vya kamera, na jasho likaonekana. Hadi leo wengi wanakumbuka jasho, si hoja.

Kinachoniuma ni sisi vijana. Huku tumelelewa tukiambiwa usimkazie mzee macho, ni kukosa adabu. Halafu unaingia mdahalo wa shule ukiangalia chini, unaambiwa huna uhakika. Tangu niache chuo nimeketi mbele ya wazee kadhaa wa kuhoji watu kazi, na ile heshima ya nyumbani wao huisoma kama uoga. Msichana naye akisimama wima na kukazia watu macho, anaitwa kichwa ngumu. Sasa ashike gani?

Kwa hivyo jifunze, sikatai. Simama kwa miguu yote miwili, mikono ionekane, toa macho kwa karatasi.

Lakini ukiwa msikilizaji pia una kazi. Kura ni Agosti 10, 2027. Mgombea akishakufurahisha kwa vile amesimama, rudia ile video ukiwa umefumba macho, uandike alichoahidi. Mtu anaweza kufundishwa kusimama vizuri kwa wiki moja. Mkulima wa kahawa wa Othaya hawezi kulipwa na mabega yaliyonyooka.