Umehifadhi au Umefahamu?

Disemba 2009 Unguja nzima iliingia gizani. Njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara ilipata hitilafu, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Wengi wanaikumbuka miezi ile kwa kelele za majenereta ya Darajani na samaki waliooza majokofuni. Mimi naikumbuka kwa ndoo. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya juu katika moja ya majumba ya Michenzani, na pampu isipofanya kazi maji hayapandi, unayapandisha wewe. Tena mwanzo wa 2010 ndipo nilipoingia Kidato cha Pili. Mtihani wa Kidato cha Pili siku hizo ulikuwa kizingiti: ukipita unaendelea na cha tatu, usipopita, skuli imekwisha, utafute cherehani au mume.

Dalili zote zilionyesha kuwa mimi sitapita.

Majumba yale yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nasi tunayaita nyumba za maendeleo. Dhamira ilikuwa njema: mtu wa mtaa wa Ng'ambo aliyeishi nyumba ya udongo na makuti apate choo cha ndani, bomba na umeme. Lakini aliyechora ramani sidhani kama aliwawazia mama, baba, bibi, sisi watoto, na binamu waliokuja kutoka shamba kwa wiki moja wakakaa miaka. Ukumbi wetu ulikuwa chumba cha kulala usiku, jiko la pili mchana (mama alikaanga bajia na katlesi za kuuza Kisonge jioni), na baada ya magharibi ukawa wa televisheni. Meza ya kusomea hatukuwa nayo, na hata ingekuwapo ingewekewa sufuria.

Asubuhi nilikwenda chuoni kusoma Kurani, mchana skuli, kwa kuwa sisi tulikuwa mkondo wa mchana. Chuoni nilikuwa hodari. Nilihifadhi juzuu haraka kuliko wenzangu, na ustadhi akinisifu mbele ya watu. Ustadi huohuo nikaupeleka skuli, na huko ndiko ulikonitia shimoni. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, tukapitishwa mwaka mmoja wa matayarisho ya Kiingereza, halafu Kidato cha Kwanza karibu kila somo likageuka Kiingereza kwa mkupuo. Nikafanya nilichokijua: nikahifadhi. Biolojia niliisoma kwa ghaibu, ukurasa kwa ukurasa, na nukta zake. Swali likija kama lilivyo daftarini, napata. Likigeuzwa kidogo tu, sina hata la kuanzia.

Darasani alikuwamo msichana ambaye baba yake ni mtu wa ofisini. Kwao walikuwa na kamusi, na jioni alikwenda tuisheni. Mwalimu akiuliza, yeye anajibu kwa Kiingereza kilichotulia. Niliamini kabisa kuwa ameumbwa na akili ya aina nyingine. Hakuna aliyeniambia hivyo. Darasa lenyewe lilinifunza, kwa namna lilivyokaa: wao mbele, sisi wa majumba nyuma.

Sasa giza lilipoingia, televisheni ikanyamaza, na baada ya isha hakuna pa kwenda. Nikawa nakaa karibu na kandili ya bibi.

Bibi mzaa mama alizaliwa Makunduchi na hakukanyaga skuli hata siku moja. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927, lakini watoto wa kike wa shamba walikaa miaka mingi baada ya hapo bila ya kuguswa na habari hiyo. Yeye alisoma chuoni tu, kisha akawa mtu wa darsa za dini. Ukubwani mwake hakuikosa darsa ya wanawake.

Usiku mmoja anachambua mchele, mimi nasoma kwa sauti.

"Unasoma nini?"

"Biolojia, bibi. Osmosisi."

"Nisomee na mimi."

Nikamsomea Kiingereza chote mbio, bila ya kuvuta pumzi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mashaallah. Ehe, sharhe yake? Maelezo yake?"

"Ndo hivyohivyo ilivyo, bibi."

"Hivyohivyo vipi? Sheikh akisoma aya, akafunga kitabu, akenda zake, hiyo itaitwa darsa? Wewe umehifadhi au umefahamu?"

Nilikasirika, nikaona mwanamke asiyejua herufi za skuli ananikosesha raha. Lakini kesho yake nilimvizia mwalimu baada ya kengele, nikamwomba anieleze kwa Kiswahili. Skuli ilikataza, kwa hiyo akatazama mlangoni kwanza. Kisha akanieleza: maji, ukuta mwembamba, upande wenye chumvi nyingi. Usiku nikampelekea bibi maneno yale, yamekatikakatika. Akanyamaza, akatikisa ungo wake.

"Kumbe. Ndo maana embe la achari ukilitia chumvi linatoa maji, na jua hujalipiga bado."

Sijapata tena kufahamu jambo kwa kasi ile. Tangu usiku huo ikawa ada: sili mpaka nimetoa sharhe. Umeme uliporudi Machi, bibi aliamuru televisheni isiwashwe mpaka nimalize, na mama, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya skuli, akamuunga mkono. Nilipita Kidato cha Pili. Si kwa kishindo, lakini nilipita, na wengi wa viti vya nyuma hawakupita, nao hawakuwa wajinga kuliko mimi. Wawili kati yao wana maduka leo, na hesabu zao za kichwani mimi siziwezi.

Nilipokwenda kusomea ualimu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nilikutana na kazi ya mtafiti James Coleman. Ripoti yake ya 1966 kuhusu wanafunzi wa Marekani ilisema kuwa nyumba anayotoka mtoto inaeleza alama zake kuliko vifaa vya skuli yake. Darasa zima likaguna kwa kukubali. Baadaye nikakuta kuwa mtafiti mwingine, Stephen Heyneman, aliwapima wanafunzi wa darasa la saba Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaona uhusiano baina ya hali ya nyumbani na alama ni hafifu mno. Mwaka 1983 yeye na William Loxley wakalinganisha nchi 29: kwenye nchi masikini, skuli yenyewe na mwalimu wake vina uzito mkubwa zaidi.

Nilifurahi, lakini wote niliona wamepima alichonacho mtoto, nyumbani na skuli. Mimi nyumbani sikuwa na kitabu, ila nilikuwa na kitu ambacho hakuna dodoso lingekiuliza: bibi anayejua elimu ya lugha ngeni inasomeshwa vipi. Unguja imesomesha maandiko ya Kiarabu kwa karne nyingi, na sharhe kwa Kiswahili, msikitini na barazani. Skuli ikatuletea maandiko ya Kiingereza na sharhe ya Kiingereza, halafu ikashangaa tunapokariri.

Na kwa waliotufuata, sera nayo ilizidi kusogeza mambo. Sera ya elimu ya 2006 iliagiza hesabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sababu zake nazijua na baadhi nazikubali. Ila ninavyoona mimi, sera hiyo ilimfungia bibi kama wangu mlango mapema zaidi, mtoto akiwa na miaka kumi au kumi na moja.

Leo nasomesha sayansi na jiografia. Kila wiki nawapa wanafunzi kazi ya kumweleza mtu wa nyumbani somo moja kwa Kiswahili na kuniletea alichojibu. Mmoja alirudi na maelezo ya babu yake mvuvi juu ya bamvua na maji mafu, na nusu yake haimo kitabuni. Mzazi mwingine alinijia juu: amemleta mtoto asomeshwe, si amsomeshe yeye. Nilimwelewa. Kuulizwa na mwanao jambo usilolijua ni kazi nzito, na si kila mtu ana kiburi cha bibi yangu.

Tena wapo ambao nyumbani hakuna wa kusikiliza: mama yuko hotelini Nungwi, anarudi siku yake ya mapumziko, baba hajulikani alipo. Hao nimewaombea wanafunzi wa Kidato cha Nne wakae nao baada ya kengele. Wengine wanakuja, wengine hawaji, na mwezi wa Ramadhani hatokei hata mmoja.