Mitapo ya Korongo la Mpanga

Mto Mpanga, katika nchi ya Uganda, hupita mjini Fort Portal, kisha hushika njia ya kuelekea Ziwa George. Kabla ya kulifikia ziwa hujitupa katika korongo refu, na ngurumo ya maporomoko humfikia msafiri kabla macho yake hayajayaona maji. Huko, juu ya miteremko ya mawe, husimama mitapo kwa maelfu, yenye mashina manene na majani magumu yafananayo na makuti. Miti hiyo haitoi ua hata moja.

Makangaga ya mahali penye unyevu nayo hayana maua. Mtu akiligeuza jani la kangaga huona vidoadoa vya hudhurungi. Humo mna chembe za uzazi, nyepesi kama vumbi. Chembe ikiangukia udongo mbichi huota kijikaratasi cha kijani, kidogo kuliko ukucha. Hapo mbegu ya kiume huogelea katika tone la maji hata ilifikie yai. Pasipo tone hilo, kangaga jipya halizaliwi.

Mtapo hufuata njia nyingine. Kama mpapai, uko dume na uko jike, na kila mmoja huzaa koni lenye magamba mithili ya nanasi. Wakati ukiwadia, koni hupata joto na kutoa harufu, na wadudu wadogo wa jamii ya fukusi huichukua chavua ya dume na kuipeleka kwa jike. Ndani ya jike mbegu ya kiume huogelea pia, lakini mtapo haungoji mvua. Maji hayo huyatengeneza wenyewe.

Mtapo wa Mpanga, ambao wataalamu waliupa jina la Encephalartos whitelockii mwaka 1995, hauoti porini mahali pengine. Mwaka 2011 kituo cha umeme cha megawati 18 kilianza kazi mtoni humo, na katika ujenzi wake baadhi ya mitapo iliangamia. Aina hiyo sasa imehesabiwa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Umeme ni neema kwa wananchi. Lakini jike likikatwa, dume lililo karibu hubaki likimwaga chavua yake bure. Na fukusi akikosa makao, hata mitapo elfu iliyosimama haitapata mtoto. Basi anayeutunza mtapo mmoja na autunze na jirani yake.