Tone la Gimbi

Kilichonilisha ni picha za pasipoti. Studio yangu pale Lushoto ilikuwa na kitambaa cha bluu, benchi moja, na foleni ya wanafunzi kila msimu wa kujaza fomu. Jumamosi harusi. Picha za matone nilizipiga alfajiri kabla ya kufungua mlango, bondeni kwenye magimbi.

Watu hudhani lile ni tone la umande. Usiku mizizi ya gimbi huvuta maji kuliko majani yanavyohitaji, na ya ziada hutokea kwenye ncha ya jani. Tone huvimba, huning'inia, hudondoka, jingine hufuata. Sikuhitaji kunyunyiza kitu. Nilichomeka alizeti nyuma ya jani, nikafunga kamera kwenye stendi, nikaombea upepo utulie.

Wanaoona alizeti nzima ndani ya tone huniambia maji yamekuwa kioo. Kinachoakisiwa pale ni ile nukta nyeupe ya mwanga tu. Ua liko nyuma. Mwanga wake hupinda ukipenya maji, kwa kuwa tone ni lenzi, na ndiyo maana ua huonekana kichwa chini. Bibi harusi aliyetaka sura yake ndani ya tone, picha yake niliitundika nyuma miguu juu.

Kazi yenyewe ni fokasi. Sura ya ua haikai kwenye ngozi ya tone, inakaa mbele yake kidogo, upande wa kamera. Na kwa ukaribu ule, hata ukibana lenzi hadi f/11, sehemu inayotoka kali haizidi milimita mbili. Mimi hulenga ua, ukingo nikauacha ufifie. Lenzi ilikuwa ile ile ya harusi, ya milimita 50, nimeigeuza nyuma mbele kwa pete ya bei rahisi.

Kiangazi nilichanganya maji na gliserini ya duka la dawa ili tone lisikauke haraka. Wapo wenzangu wanaouita huo udanganyifu, na hao hao humpaka bibi harusi poda mpaka mama yake amtafute.

Aliyezipenda zaidi picha za matone alikuwa mwalimu wa fizikia, akifundisha lenzi bila maabara. Nilimpa picha bure, kwa sharti kwamba darasa lake lote lije kwangu kupiga pasipoti.