Zuwena au Faida



Binti yetu alikaa siku 12 duniani bila ya jina. Nilimwadhinia sikioni saa ile ile aliyozaliwa, na siku ya saba tukamnyoa nywele na kumfanyia akika, lakini jamaa walipouliza anaitwa nani, mimi na mama yake tuliinamisha nyuso. Sheria ya Ubelgiji humpa mzazi siku 15 za kumwandikisha mtoto. Majina yaliyobaki yalikuwa mawili, Zuwena na Faida, na hatukuweza kuafikiana.

Zuwena ni bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa Unguja na kuzikwa Maskati. Faida ni bibi yake yeye, mama wa baba yake, na jina lake halimo katika nasaba yetu. Karatasi ile ya nasaba, anayoihifadhi shangazi yangu, imejaa majina ya wanaume tangu Oman mpaka Unguja. Inapofika kwa baba yake Zuwena, pembeni pameandikwa maneno matatu tu: mama yake suria. Marehemu baba ndiye aliyeninong'oneza yaliyobaki. Alikuwa Mmanyema, alinunuliwa Kasongo enzi za Tippu Tip, na jina la Faida alipewa na aliyemnunua. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelihifadhi.

Halikuwa jambo geni zama hizo. Mtoto wa suria, akikubaliwa na baba yake, alikuwa huru mwenye nasaba kamili. Watoto aliowaacha Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria. Hata amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja iliwaacha masuria nje, hadi amri nyingine ilipotoka mwaka 1909. Mwana aliingia katika ukoo kwa jina la baba. Mama alibaki kizingitini.

Ijumaa moja katika siku zile nilitoka kuswali Msikiti Mkuu, ulio ndani ya bustani ya Cinquantenaire. Karibu yake upo mnara wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, wa kuwaenzi Wabelgiji waliotangulia Kongo. Maandishi yake yanausifu ushujaa wa kijeshi uliomwangamiza Mwarabu mwenye kufanya biashara ya watumwa. Ni vita vya 1892 hadi 1894, vilivyoiangusha Kasongo. Neno lenyewe, Mwarabu, limewahi kuchongolewa kutoka katika jiwe lile, kwani lilizusha malalamiko.

Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Aliyeangamizwa pale ni babu yangu, na sikuweza kumtetea. Walioangamiza nao walikuwa watu wa Mfalme Leopold II, ambaye dola yake iliwatumikisha Wakongo kwa mpira na mjeledi. Lakini mwanamke aliyenunuliwa hatajwi kwa jina lake, si katika jiwe lao wala katika karatasi yetu. Nikarudi nyumbani nimeshikilia Faida.

Mke wangu, mzaliwa wa Mombasa, alinisikiliza akinyonyesha. "Mtoto hakuzaliwa kulipa deni la babu zako," akasema. "Ukitaka kumkumbuka bibi huyo, anza kumkumbuka wewe mwenyewe."

Nikampigia simu shangazi, Maskati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Jina limepatikana?"

"Tunafikiria Faida."

Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. "Jina la mjakazi, mwanangu? Jina la sokoni? Akikua akiuliza maana yake, utamjibu nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake, mtaa wa Matonge, nilimweleza habari hii dada mmoja wa Bukavu ninayenunua kwake sombe. Akacheka. "Kaka, mwanangu wa kwanza ni Faida. Kwetu mtoto ndiye faida ya nyumba." Nikaona kwamba jina lile, ambalo kwetu ni aibu, wenzetu wamekwisha kulisafisha zamani.

Nilimkumbuka pia Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said huyo huyo, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Watoto wake watatu waliokua aliwapa majina mawili mawili: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. La kwanza ni la Kijerumani, la pili ni la kwao. Nasi tungeweza kuandika yote mawili. Lakini jina la kwanza ndilo mtoto ataitikia shuleni. La pili hulala katika karatasi, na Faida amekwisha kulala katika karatasi muda wa kutosha, tena bila hata ya kuandikwa.

Usiku wa siku ya 12, shangazi alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sikukwambia lote," alisema. "Mama yangu, Zuwena, aliniambia jina lake alichaguliwa na bibi yake. Baba alitaka jina jingine, yule mama akasema: wanangu mliwapa majina nyinyi, huyu mniachie mimi. Wakamwachia."

Mke wangu alikuwa akisikiliza. Hakuna aliyesema neno kwa kitambo.

Kumbe tulikuwa tukimpambanisha bibi na chaguo lake mwenyewe. Faida ni jina alilopewa na mnunuzi. Zuwena ni jina alilolitoa yeye, kwa hiari yake.

Siku ya 13 nilikwenda manispaa. Karani aliniuliza jina la kwanza ni lipi, nami nikamwandikia: Zuwena Faida. Kisha nikamwomba shangazi aichukue ile karatasi ya nasaba. Alikawia, akalalamika kuwa macho hayaoni vizuri, halafu nikasikia mtoto wa droo ukivutwa. Juu ya lile neno suria, kwa mkono wake, ameandika Faida.

Nanyi, ndugu zangu, zitazameni karatasi zenu. Palipoandikwa suria, aulizwe mzee angali hai: huyu mama aliitwa nani?